TAHADHARI: Huyu bwana wa kutunza farasi upande wa Kiserian, karibu na Nairobi, msimpe mnyama wenu

Ndugu zangu, mikono inanitetemeka kwa hasira, lakini lazima niandike leo kabla mwingine hajatuma pesa. Nilikuwa nimemtoa farasi wangu, Sultani, kule alikokuwa, na nilihitaji banda haraka. Namba ya huyu bwana nilipewa na mtu ninayemheshimu.

Sikilizeni alivyoniteka. Hakuanza na bei. Alimwendea Sultani taratibu kutoka ubavuni, akamwacha anuse kiganja, kisha akamfunua mdomo, akabonyeza ufizi kwa kidole gumba na kungoja rangi irudi. Akaweka sikio ubavuni, kushoto halafu kulia, kusikiliza tumbo linavyonguruma. Akainua kwato zote nne, akanusa chini yake. "Mama, kwato hizi zimechelewa. Fundi anatakiwa kila baada ya wiki sita, zikizidi sana nane." Ni kweli kabisa! Akasema kwake farasi huingizwa ndani kabla ya jua kutua, kwa sababu visubi wanaoleta ule ugonjwa wa farasi wa Afrika huuma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri, na ugonjwa wenyewe hauna dawa, kinga yake ni chanjo ya kila mwaka. Mtu anayejua haya yote utamshuku kwa lipi? Ghala lilijaa marobota ya nyasi kavu za Boma Rhodes, ya kijani, yananukia. Maji kwenye hori yalikuwa safi. Masaisi, wale wahudumu wa farasi, wamevaa buti. Nikamlipa miezi mitatu mbele, Sh25,000 kwa mwezi, na ya chanjo juu yake, palepale kwa M-Pesa.

Basi video zikawa zinakuja. "Mtoto wako anakula vizuri, mama." Nikitaka kwenda, mara barabara mbaya, mara daktari yupo, farasi wasisumbuliwe.

Jumapili moja mpwa wangu akanitumia picha kutoka kwenye sherehe ya watoto. "Shangazi, huyu si Sultani?" Lile doa jeupe kwenye paji la uso, nani asiyelijua? Amebebeshwa watoto wawili kwa mpigo, mbavu zinahesabika, na mkanda wa tandiko umemchubua hadi nyama nyekundu. Na saa hiyohiyo simu yangu inaingia video ya huyu bwana: "Sultani anapumzika leo." Anapumzika! Nilikuwa nimeketi na wageni sebuleni, nikashindwa hata kujibu nilichoulizwa.

Nilipofika bila kupiga simu, ghala lile lilikuwa la jirani. Kwenye hori la Sultani kulikuwa na mahindi yaliyoota ukungu. Mahindi ya ukungu humharibu farasi ubongo, humwua, na huyu bwana anajua vizuri sana! Ndiyo maana nasema huu si uzembe. Huyu ni mtu wa kufungwa. Kuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na mimi nataka aisome akiwa kizimbani. Kumnyima mnyama chakula ni kosa. Kumfanyisha kazi na kidonda ni kosa. Arudishe pesa zangu zote, na asiguse tena hatamu ya farasi wa mtu maisha yake yote.

Wenye farasi, angalieni: zile video zilionyesha nyasi mbichi na huku ni Februari, kila kitu kimekauka. Masaisi walibadilika kila mara. Cheti cha chanjo kiliandikwa kwa kalamu tu, hakina kile kibandiko cha kwenye chupa wala muhuri wa daktari. Na ukiambiwa lazima upige simu ndipo uje kumwona mnyama wako mwenyewe, mchukue siku hiyohiyo. Lakini hata haya yote yasingehitajika kama watu wa namna hii wangekuwa ndani!

Sultani yuko salama sasa, anatibiwa kidonda, anakula kidogo kidogo kwa sababu daktari amekataza ashibishwe ghafla. Polisi nimeshaandikisha, namba ya OB, kile kitabu chao cha matukio, ninayo, na KSPCA, chama cha kulinda wanyama, nimewapelekea picha. Pale kwake kulikuwa na farasi wengine, mmoja jike wa kijivu anayechechemea mguu wa mbele wa kushoto. Mwenye huyo jike, ukisoma hapa, nenda leo. Usipige simu kwanza.