Kichwa cha mbawala wangu: nilivyochagua pozi, na karakana ilivyonifanyia (uzoefu wangu, Lindi)

Kichwa kina miezi minne ukutani, ndo naona sasa naweza kuandika kwa haki maana siku ya kwanza ukifungua boksi kila kitu unakiona kizuri. Ni mbawala dume, wengine mnamwita pongo, nilimpata Liwale kwenye vichaka vya kando ya mto Matandu, kwa leseni, na afande wa wanyamapori tulikuwa naye muda wote. Nalisema hilo mapema kwa sababu mtu akiona pembe ukutani cha kwanza anawaza nyara za serikali na kesi, na ana haki ya kuwaza hivyo, bila hati ya umiliki hata pembe moja usiiweke ndani. Yangu imo kwenye faili moja na risiti za karakana.

Karakana, ya mafundi wanaovalisha ngozi ya mnyama kwenye umbo ili kichwa kikae ukutani kama bado yu hai, iko Arusha, jina nitaliacha kwa sababu kuna mahali nitawalaumu. Nililipa nusu mwanzo na nusu kazi ilipoisha, na kutoka ngozi ifike kwao hadi kichwa kifike stendi ya Lindi ilichukua miezi tisa.

Sasa pozi. Wengi tunadhani ukishapeleka ngozi na pembe basi fundi anajua mwenyewe, kumbe yeye anakusubiri wewe. Alinitumia WhatsApp kurasa za katalogi ya Marekani, zote ni kulungu wao wa mkia mweupe wenye pembe za matawi, yupo aliyenyoosha shingo juu kabisa, yupo wa katikati, yupo aliyeinamisha kichwa kama ananyemelea, na kila mmoja kuna anayetazama mbele, kushoto na kulia. Mimi nikachagua palepale, kichwa juu, kifua mbele, nikamjibu kabla sijamaliza chai. Nashukuru Mungu yule fundi hakuwa mtu wa kusema ndiyo bosi, alinipigia simu jioni, swali lake la kwanza likawa, "Kaka, huyu mmemchinja?"

Ndiyo, tulimchinja. Alivyoanguka roho bado ilikuwepo, mjomba akamuwahi na kisu, Bismillahi Allahu Akbar, akapitisha juu kabisa chini ya taya. Sisi kibudu hatuli na ile nyama ilikuwa ya watu wengi, kwahiyo hata kama ningekumbuka habari ya ukuta pale nisingemwambia mjomba vingine. Fundi alielewa, akasema vichwa vingi vinavyotoka kwetu Waislamu vinafika na lile jeraha na linashoneka vizuri, ila akanieleza kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Ngozi ikikauka inasinyaa, inavuta kila upande, sasa ukimnyoosha shingo juu koo ndo sehemu inayovutika kuliko zote na ndo sehemu mgeni akiingia sebuleni macho yanaangukia, mshono ukiachia hata kidogo utauona miaka yote. Na mbawala ana lile baka jeupe kooni, kisu cha mjomba kilipita ukingoni kabisa, pale nyeupe inapokutana na kahawia, ambapo nywele zikihama kidogo tu mstari unaonekana umepinda. Akiinamisha kichwa ngozi ya koo inalegea na mshono unakaa chini ya kivuli cha taya.

Hilo lingetosha kunibadilisha, lakini usiku nikalala namfikiria mnyama mwenyewe nikaona hata bila ya kisu nilikuwa nimekosea. Mbawala sio swala pala anayesimama uwandani na kundi lake. Huyu anatembea peke yake, alfajiri na jioni, ndani ya kichaka, akishtuka anabweka utadhani mbwa. Nilimuona dakika nzima kabla ya kumpiga, alitoka kwenye matete shingo iko usawa wa mgongo, pua mbele, mguu mmoja umeinuka haujakanyaga, sikio moja limegeuka nyuma kusikiliza na lingine liko mbele. Sijawahi kumuona amenyoosha shingo kama yule wa katalogi. Kwahiyo ningemuweka ukutani mnyama mwingine kabisa mwenye sura ya huyu wangu. Kila mnyama ana lake, tandala mkubwa mwenye pembe za zaidi ya mita moja akipita msituni anainua pua na kulaza pembe mgongoni zisinase matawini, huyo pozi la kuinua pua linamfaa maana ndo maisha yake.

Nikamwambia fundi aniwekee la kunyemelea, sio chini kabisa, shingo ishuke kidogo tu kutoka usawa wa mgongo, na masikio nikamuelekeza kama nilivyoyaona. Akaniambia masikio yote mawili yakilala nyuma ni mnyama mwenye hasira, yote mbele ameshakuona, moja moja anasikiliza. Nikasema hilo la mwisho ndo lake.

Kugeuka upande napo tulipishana kidogo. Ukuta wangu uko mkono wa kushoto ukiingia, nikasema ageuke kushoto, nikimaanisha kushoto kwangu mimi ninayemtazama, kumbe kwao kushoto ni kushoto kwa mnyama, na ukisimama mbele yake hapo anakuwa anatazama kulia kwako. Kwa sebule yangu ingekuwa anaangalia kona ya ukuta na kisogo kwa wageni. Nilichora sebule kwenye karatasi, mlango, dirisha, kochi, nikaweka mshale pua inapoelekea, nikampigia picha, tukaelewana. Chora, usitegemee maneno. Na pima urefu wa siling, nyumba yangu ya Mtanda siling iko chini, aliyenyoosha shingo pembe zingekaribia kugusa bodi, wakati huyu wa kuinama ukimtundika macho yake juu kidogo ya macho yako anakutazama usoni badala ya wewe kutazama kidevu.

Kuhusu ngozi nitasema kwa wale ambao bado hawajaenda. Usikate shingoni, chuna kuanzia nyuma ya mabega, chale moja ipite juu ya shingo kwa nyuma, hata pozi likiwa la kuinama unahitaji ngozi ndefu ya kifua. Kabla ya kuchuna pima toka kona ya jicho hadi ncha ya pua, na mzunguko wa shingo nyuma ya masikio, andika. Fundi anazitaka ili achague lile umbo la povu gumu linaloingia ndani ya ngozi. Yale maumbo ya kulungu wa Marekani hayamfai mbawala, tena mengine yana shingo nene kwa sababu dume lao linavimba shingo msimu wa kupandana. Afrika Kusini wanatengeneza ya mbawala, na karakana hii ndo wanayotumia.

Chumvi pia. Lindi chumvi tunayo ya kumwaga ila ni ya punje kubwa, haishiki ngozi vizuri mpaka uitwange iwe laini, na ipakwe siku ileile, joto letu halisubiri. Wakati tunapaka binamu yangu akashtuka, chini ya shingo kuna mkanda mzima umezunguka nywele ni fupi mno karibu hazipo, akasema ngozi imeoza imeanza kunyonyoka. Mikono ilinitetemeka kwa kweli. Nikavuta nywele za pembeni, zimeshika. Nikampigia fundi, akaniambia tulia kaka, mbawala wengi ndivyo walivyo, ana mkanda wa asili kama alivaa kola, ukimuona mbawala wa ukutani hana huo mkanda jua mtu amemharibu. Wangu wameuacha kama ulivyo na ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote.

Kilivyofika mjomba alikuja kukiona. Hakuangalia pembe, aliinama moja kwa moja chini ya taya na tochi ya simu, akapapasa kwa kidole polepole kinyume cha nywele hadi akaupata mshono, mwembamba kama uzi wa kanzu. Akasema, "Hapa ndo nilipopita mimi," akakaa.

Malalamiko yangu ni mawili. Sikio lile lililogeuka nyuma lilikauka likajikunja ncha, sio sana, lakini nililielekeza mimi mwenyewe na nalijua, kila nikipita jicho linaenda pale. Waliniomba radhi wakasema nilirudishe walitengeneze, ila kulisafirisha boksi Lindi Dar Arusha na kurudi kwa ajili ya ncha ya sikio siwezi, wangelikagua kabla. La pili ni ukimya, kuna miezi mitatu mfululizo meseji zangu zilisomwa hazijibiwi, na mtu aliyelipa nusu anastahili hata picha moja ya ngozi yake iko wapi. Pua pia waliing'arisha kupita kiasi, ila imepoa yenyewe.

Kwa hali ya hewa yetu ya bahari nimekitundika ukuta wa ndani, sio ule unaopigwa na mvua ya masika, na jua la dirishani halikifikii kwa sababu linapausha nywele. Kila baada ya wiki mbili nakifuta vumbi kwa brashi laini kufuata uelekeo wa nywele, na kuangalia kwenye masikio na kuzunguka macho kama kuna unga unga, maana wadudu wa ngozi wanaanzia huko. Mpaka leo hakuna. Nawapa nne kwa tano, tatu kati ya hizo ni za ile simu ya jioni.