Bobari moja badala ya seti ya kumi na mbili: uzoefu wangu

Nilipoanza kujifunza kuchonga nakshi hapa Unguja, nilinunua seti ya bobari 12, yaani patasi zenye makali yaliyopinda, zilizopangwa katika mkoba wa kitambaa, kwa Sh 40,000. Kabla mwezi haujaisha, nilikuwa natumia mbili tu, na hata hizo hazikushika makali. Nikizipiga mara chache kwenye kipande cha msaji, makali yanajikunja, nami narudi kwenye kinoo. Chuma chake kilikuwa laini, na chuma laini hakitibiki kwa kunolewa, hata mnoaji awe hodari namna gani.

Fundi anayenifundisha alinishauri nitafute bobari moja ya feleji, yaani chuma kigumu kinachoshika makali. Nilipata iliyokwisha kutumika, yenye muhuri wa Sheffield, Uingereza, upana wa nusu inchi na mkunjo wa namba 7, kwa Sh 35,000, yaani karibu bei ya ile seti nzima. Mpini wake ulikuwa umepasuka na mgongo una kutu, lakini hayo hayakunisumbua, kwa kuwa mpini hubadilishwa na kutu ya mgongoni husuguliwa. Anayenunua bobari kuukuu achunguze zaidi upande wa ndani, kwenye mfereji. Kutu ikiwa imechimba vishimo humo, kila utakaponoa kishimo kitafika kwenye makali na kuacha pengo, na pengo hilo litachora mstari katika kila mkato.

Kuhusu namba, katika mpangilio wa Sheffield namba 3 inakaribia kuwa bapa, mkunjo unaongezeka hadi namba 9 ambayo ni kama nusu duara, na namba 10 na 11 zina kina zaidi, mfano wa herufi U. Watengenezaji wa Uswisi hawafuati namba hizo sawasawa, kwa hiyo ni salama zaidi kuyagandamiza makali kwenye karatasi na kuitazama alama yenyewe kuliko kuamini kilichoandikwa kwenye chuma.

Namba 7 imenifaa kwa sababu moja kubwa: pembe zake mbili hubaki juu ya ubao wakati katikati inakata. Bobari iliyo karibu na bapa ikiinama kidogo tu, pembe huzama na kurarua nyuzi, na mkono wa mwanafunzi huinama mara nyingi. Kwa hii yangu, nikikata kwa kukingama nyuzi za mfenesi, maranda hutoka mazima na mfereji uliokatwa kwenye ubao unabaki unang'aa bila kupakwa chochote.

Kuinoa kulinichukua jioni mbili za kwanza. Niliweka mwinamo wa digrii zipatazo 25, maana msaji ni mgumu, huku nikiizungusha taratibu kutoka pembe hadi pembe. Ukiisukuma moja kwa moja kama patasi ya kawaida, katikati huliwa na umbo hupotea. Sasa naipitisha kwenye ngozi kila baada ya nusu saa ya kazi, na imepita miezi mitatu bila kurudi kwenye kinoo. Sijaijaribu kwenye mpingo, wala simshauri anayeanza ajifunzie mti mgumu kiasi hicho.

Kazi isiyoiweza ni kusawazisha ardhi ya nakshi, yaani sehemu bapa inayozunguka michoro, kwa kuwa huacha mawimbi. Kwa hilo natafuta namba 3 yenye upana wa inchi moja, nayo nitaikagua mfereji kwanza.