Haya Maziwa Yamelala Wapi?

Jumapili ya pili ya mwezi uliopita nilitia kikombe cha maji na pakiti moja ya maziwa sufuriani, nikaongeza majani, nikawasha gesi. Tangawizi sikuweka, kwa hivyo msije mkaniambia ni tangawizi. Mama mkwe alikuwa sebuleni, amefika kutoka Bomet usiku uliotangulia, na chapati zilikuwa tayari zimefunikwa. Chai ilipoanza kupanda, ikakatika. Vibonge vyeupe juu, maji ya rangi ya kutu chini. Nikatafuta chujio. Ndiyo, nilijaribu kuchuja, kana kwamba chai iliyokatika ni uji wenye madonge.

Mama akaingia jikoni kutafuta maji ya kumezea dawa. Akachungulia sufuria, akanyamaza, kisha akauliza kwa upole ulionichoma kuliko kama angenigombeza: "Haya maziwa yamelala wapi, mwanangu?"

Nikamwonyesha pakiti. Tarehe ya kuisha ilikuwa bado siku tatu, na nilikuwa nimeinunua asubuhi hiyohiyo katika supamaketi kubwa ambayo sitaitaja. Hakuisoma. Mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote hana haja ya kusomewa tarehe ya maziwa yaliyokatika mbele ya macho yake.

Basi swali lake ndilo nitakalolitumia kupanga maziwa ya pakiti tunayonunua hapa Nairobi. Sitapima ladha, sitapima utando, wala sitawawekea jedwali la bei. Hayo kila mtu anayajua kwa mdomo na mfuko wake. Ninachotaka kujua ni maziwa yamelala wapi kati ya kiwanda na kikapu chako. Tangu Aprili nilipoandika kuhusu nyama ya kusaga, wasomaji wanne wameniletea malalamiko ya maziwa, na wote wanne wamelaumu kiwanda. Mimi nalaumu sakafu.

Jumatatu nilirudi dukani saa moja kasoro asubuhi, kabla ya kwenda kazini. Gari la maziwa lilikuwa limeshaondoka. Kreti kumi na moja zilikuwa zimepangwa chini, kando ya mkate, mita tatu hivi kutoka kwenye friji. Kijana wa kupanga rafu alikuwa mmoja tu. Alipanga kreti ya kwanza, akaitwa kusaidia kubeba magunia ya unga. Akarudi, akapanga nusu ya kreti ya pili, akaitwa kwenye kaunta kuulizwa bei ya sabuni isiyosomeka kwenye mashine. Mimi nilijifanya nachagua mkate. Saa mbili na robo kreti saba bado zilikuwa sakafuni na jua la dirishani lilishazifikia mbili za mwisho. Nikainama nikagusa pakiti ya juu: laini, vuguvugu, yenye unyevunyevu kama kiganja cha mtu mwenye homa. Pakiti hiyo ingeingia frijini, ingepoa, na mtu wa saa sita mchana angeiona baridi kabisa na kuridhika.

Simlaumu kijana. Mtu mmoja hawezi kuwa watatu, na aliyeamua kuajiri mmoja hakuwepo hapo saa moja asubuhi.

Sasa kwa nini tarehe haisaidii? Maziwa freshi ya pakiti huchemshwa kiwandani kwa nyuzijoto 72 hivi kwa sekunde 15, kisha hupozwa haraka. Joto hilo linaua vijidudu vya magonjwa, lakini haliui kila kitu. Wanaobaki wanazubaishwa na baridi ya nyuzi 4, na tarehe iliyopigwa kwenye pakiti imehesabiwa kwa kuamini kwamba baridi hiyo haitakatika. Wakipata joto wanaamka, wanakula sukari ya maziwa na kutoa asidi. Asidi ikiwa kidogo huisikii puani wala ulimini. Ukiyanywa baridi utasema ni mazima. Ukiyaweka motoni, ile asidi na joto vikikutana, protini inashikana vibonge na chai yako imekwisha. Ndiyo maana wanaokunywa maziwa kwa glasi hawalalamiki sana, na sisi wa chai ndio tunaaibika mbele ya wakwe. Kuna maziwa lala, yale yanayogandishwa kwa makusudi, ambayo ni chakula cha heshima, na kuna maziwa yaliyolazwa ovyo.

Kwa hivyo kabla ya kuchagua jina, chagua friji. Yenye mlango wa kioo inashinda ile iliyo wazi, hata kama iliyo wazi inapendeza na taa zake. Kwenye friji ya wazi hewa baridi hutokea nyuma na kushuka. Pakiti za mbele huwa na joto kuliko za nyuma, na ndizo mkono wako unazozifikia kwanza. Chukua ya nyuma. Igeuze uguse kitako chake kwa nyuma ya mkono, maana vidole vimezoea sufuria na havisemi ukweli. Kikinata, kuna pakiti iliyopasuka juu yake na hakuna aliyefuta. Dukani ambako maziwa yaliyomwagika hayafutwi, usitarajie mtu anaangalia kipimajoto. Pakiti iliyovimba iache hapohapo. Maziwa yawe kitu cha mwisho kuingia kikapuni, baada ya sabuni na sukari, na kama una saa nzima ya matatu mbele yako, hilo deni ni lako, si la duka.

Haya, tupange.

Namba moja ni Fresha, na sitaki kujifanya sina upande. Mimi ni mtu wa Fresha na sijalipwa hata kijiko. Ni maziwa ya chama cha ushirika cha wafugaji wa Githunguri, kule Kiambu. Walianza mwaka 1961 wakiwa wanachama 31, na kwa miaka mingi walikuwa wakikusanya na kuwauzia wengine mpaka walipofungua kiwanda chao wenyewe mwaka 2004. Napenda kujua kwamba mwenye ng'ombe ana sehemu yake kwenye pakiti. Lakini sababu yangu kubwa ni ya kifriji: katika maduka mawili ninayoyajua vizuri, yanaisha kabla ya adhuhuri. Pakiti isiyokaa haina pa kulala. Ukichelewa ukute yameisha, usichukue ya jirani kwa hasira. Shuka namba mbili.

Namba mbili inanisikitisha kuiandika: maziwa ya muda mrefu, yale ya pakiti ya karatasi ngumu yasiyohitaji friji mpaka uyafungue. Hayo hupitishwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 135 kwa sekunde chache, yakafungwa bila hewa ya nje kuingia. Kakangu anayaita maziwa ya ndege, kwa sababu yana ladha ya kupikwa hata kabla hujayapika. Ni kweli. Lakini ndiyo maziwa pekee ambayo sakafu ya supamaketi haiwezi kuyaharibu. Yaangalie tu yasiwe yamevimba au kubonyezwa kwenye kona. Siku ambazo wageni wanakuja na sina hakika na friji za mtaa, ndiyo nanunua, na nayapikia chai nzito ili yasijulikane.

Namba tatu ni yote yaliyobaki ya pakiti laini, na hapa jina halina uzito mnavyodhani. Brookside, Ilara, Tuzo, Delamere, Molo: unaposimama mbele ya friji ukibadilisha kati ya hayo matano, fahamu kwamba yote yako chini ya kampuni moja, Brookside, iliyoyanunua moja baada ya jingine. New KCC ni ya serikali, na kwa sisi wa umri fulani ina nafasi yake moyoni kwa sababu ya maziwa ya Nyayo, yale ya pakiti ya pembetatu yaliyoanza kugawiwa shuleni mwaka 1979. Tulikuwa tunang'ata kona kwa meno, na aliyechelewa alipata iliyotobolewa. Hatukuwahi kuuliza yamelala wapi. Kiwanda si shida yangu katika kundi hili. Yakitoka friji ya mlango wa kioo, chukua lolote. Yakitoka friji ya wazi saa kumi jioni, mimi huacha.

Ya chupa, kama Bio, yanakuja baada ya hapo kwa ajili ya bei tu. Kifuniko chake ni raha nyumbani, ila chupa nayo hukaa sakafuni kama wenzake.

Maziwa yenye jina la supamaketi yenyewe ni ya bei nafuu. Soma maandishi madogo ujue nani ameyafunga, basi. ATM ya maziwa, ile mashine inayokupimia maziwa kwenye chombo chako, nunua kama unaona mwenyewe anavyoiosha.

Sasa turudi kwenye ile supamaketi iliyoniuzia, maana Jumatatu hiyohiyo nilipita kwenye kaunta yao ya huduma kwa wateja na sijamaliza nao. Nilienda na risiti, pakiti tupu na picha ya sufuria kwenye simu. Dada wa kaunta hakuinua macho. Akaniuliza nilikaa nayo nje muda gani. Nikamwambia dakika kumi na mbili, kwa sababu naishi nyuma ya duka lao. Akanionyesha chini ya risiti: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Nikamwambia Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na kwamba kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, na risiti haiwezi kufuta Katiba. Akasema meneja yuko lunchi. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi.

Nilimsubiri meneja wa lunchi ya saa tatu kwa dakika arobaini. Alipokuja alikuwa mpole sana, akaomba radhi mara mbili, akamtuma kijana aniletee pakiti nyingine. Kijana akaenda, akainama, akanichukulia kutoka kwenye kreti. Ya sakafuni. Akanipa kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Ilikuwa na joto la chai ya mtoto.

Duka ninalolisifu, na ni dogo, lina mama mmoja anayesimamia friji tu asubuhi. Hapandi kaunta, habebi unga. Gari likifika anasema, "Leta ndani kwanza, hesabu tutafanyia baridini." Nilimuuliza nani alimfundisha. Akasema alikuwa akiuza samaki.

Jingine ni umeme. Mnaikumbuka Ijumaa ya 25 Agosti 2023, stima ilipopotea usiku karibu nchi nzima? Kesho yake niliingia duka moja, si hili. Jenereta ilikuwa inanguruma, kaunta zinafanya kazi, muziki unapigwa. Taa za friji za maziwa zilikuwa zimezimwa na wateja wanachukua kama kawaida, bei ileile. Kaunta ikizimika duka linapoteza pesa papo hapo. Friji ikizimika, anayepoteza ni wewe, kesho, jikoni kwako. Tangu siku hiyo, stima ikikaa zaidi ya saa mbili mtaani, sinunui freshi mpaka gari la asubuhi lipite.

Na kama tunauziwa maziwa vuguvugu, angalau yawe ya bei ya maziwa vuguvugu. Pakiti iliyonikatikia ilikuwa shilingi 65, nusu lita. Mwaka 2024 serikali ilipotangaza kwamba New KCC itamlipa mfugaji shilingi 50, ilikuwa kwa lita nzima, na wafugaji wakaona wamepandishiwa. Pigeni hesabu wenyewe. Najua kuna mafuta ya gari, kuna pakiti, kuna kuchemsha. Kuna pia ile baridi ambayo sisi tunailipia na haipo. Halafu angalieni namba ndogo pembeni mwa pakiti: nimeshika za mililita 450 na za 400, umbo lilelile, rangi zilezile, zikiwa zimepangwa pamoja na za 500 kana kwamba ni pacha. Nilimpa mwanangu wa darasa la nne atenganishe na akashindwa mbili kati ya sita.

Sasa nabeba kijifuko cha barafu kwenye kikapu. Askari wa mlangoni hukifungua kila mara, akidhani ni kitu.

Mama mkwe amepiga simu juzi. Anakuja tena Desemba na atakaa wiki mbili. Ameuliza kama watoto wanahitaji viatu, kama paa limeacha kuvuja, kisha akauliza, taratibu, kama aje na maziwa.