Sonara aliyeniambia almasi haivunjiki

Niliwapelekea masonara hawa pete yangu ya almasi waipanue. Kwanza niwape haki yao: kazi ya dhahabu wanaiweza. Pete imepanuliwa vizuri, maungio huyaoni hata kwa lenzi. Kwa hilo pekee wangepata nyota tatu. Lakini almasi ilirudi imemeguka pembe moja, na jibu la kaunta likawa hili: "Mama, almasi haivunjiki. Ikivunjika ujue hicho ni kioo."

Sonara mzima anasema hivyo! Ile 10 ambayo almasi inapata kwenye kipimo cha Mohs, kipimo cha ugumu wa madini, inahusu kukwaruzwa: madini mengine hayaikwaruzi almasi. Pigo ni habari nyingine kabisa. Almasi ina mielekeo minne ambayo hupasuka kirahisi, kama gogo linavyofuata nyuzi zake chini ya shoka. Mwaka 1908 mkataji almasi Joseph Asscher aliipasua Cullinan, almasi ya karati 3,106 (karati hapa ni kipimo cha uzito wa vito), kwa kulichonga mfuo, kuweka kisu cha chuma na kugonga.

Jiwe langu ni la mkato wa mraba, na hizo pembe nne ndizo dhaifu kuliko sehemu zote. Ukipanua pete jiwe likiwa ndani, duara linafunguka, kichwa cha pete, pale jiwe linapokaa, nacho kinatanuka na makucha, yale meno ya chuma yanayolishika jiwe, yanahama. Fundi mwenye haraka huyarudisha kwa kuyasukuma kwa nguvu. Kucha likikandamiza ncha ya pembe moja kwa moja, ncha inaondoka. Inavyotakiwa ni kulitoa jiwe kwanza. Wakati wa kulirudisha, makucha ya pembeni yawe ya umbo la V, ndani yake pachimbwe nafasi ndogo ili ncha isiguse chuma, kisha yakunjwe kidogo kidogo, kona hii halafu ile inayoikabili. Na kama jiwe lazima libaki wakati wa kuchomelea, lipakwe asidi ya boriki iliyokorogwa na spiriti, kwa sababu kwenye moto wa nyuzi 700 hivi za Selsiasi na zaidi uso wa almasi huanza kuungua na kupata ukungu mweupe. Baada ya hapo pete ipoe yenyewe. Ukiitumbukiza kwenye maji ikiwa ya moto, ufa mdogo uliokuwemo unaweza kukimbia hadi ukingoni.

Kwangu moto haukuharibu kitu, uso ni safi. Waliharibu kwenye makucha.

Hilo la "kioo" ndilo linaloniuma zaidi. Kioo kikimeguka huacha kishimo cha mviringo chenye mawimbi. Hapa palipomeguka pana ngazi ndogo bapa zilizonyooka, alama ya almasi. Lenzi ya mara 10 ilikuwa mezani, mbele ya mkono wake. Hakuigusa.

Sasa nibaki na nini? Kukata upya kunapunguza karati. Kuficha pengo chini ya kucha kubwa kunawezekana, ila thamani hairudi.

Nilitaka kusema wapelekeeni mikufu na bangili zisizo na mawe. Naifuta kauli hiyo. Anayepokea jiwe bila kulikagua kwa lenzi mbele ya mwenyewe na kuandika kasoro zake kwenye risiti, kisha jiwe likimeguka mkononi mwake anadai mteja alileta kioo, asipewe hata hereni. Nyota moja, na fidia ya pembe hiyo bado naidai.