Saa ya nyanya ya elfu nane: nimeitumia miezi mitatu, haya ndo nimeyaona

Nianze na bei maana najua ndo mnachotaka, elfu nane Kariakoo. Muuzaji alianzia kumi na mbili, nikamwambia bosi mi nakaa Mbagala na nauli ya kurudi ndo hii umeishika, akacheka akashusha. Ni ile saa ndogo ya plastiki ya kupimia mapishi jikoni, ina umbo la nyanya, haina betri wala chaji, inaenda kwa springi, unaizungusha juu mpaka kwenye dakika unazotaka alafu inarudi yenyewe tik tik tik ikifika sifuri inapiga kengele. Basi, hamna kingine.

Sasa mwanaume mzima na nyanya ya plastiki wapi na wapi. Nasomea CPA, ile mitihani ya uhasibu, huku naajiriwa, natoka kazini saa kumi na moja, foleni ya Kilwa Road ikikataa nafika nyumbani saa mbili, kuoga, kula, kusikiliza kesi za watoto, ikigonga saa nne ndo muda wangu na ni lisaa limoja tu maana alfajiri niko tena kituoni. Hilo lisaa lilikua linaliwa na simu yani lote. Nafungua daftari, nasema ngoja nicheki grupu la kazini mara moja, nikiinua kichwa ni saa tano na robo na daftari liko ukurasa ule ule. Nikaweka programu za kuhesabu muda kwenye simu hiyo hiyo, ikawa nimemkabidhi fisi bucha.

Mtindo wenyewe wa kusoma kwa saa ya nyanya si wangu, ni wa Muitaliano anaitwa Francesco Cirillo, mwishoni mwa miaka ya 1980 alikua mwanafunzi hatulii na kitabu, akachukua saa ya jikoni ya hivi hivi ya nyanya, na nyanya kwa Kiitaliano ni pomodoro ndo jina likabaki hilo. Dakika 25 kazi, 5 unapumzika, ukifikisha raundi nne unapumzika ndefu zaidi. Mi raundi nne nizitoe wapi? Napiga mbili, siku nimechoka moja, Jumapili watoto wakienda kwa bibi yao ndo nafika nne.

Ila kiukweli inafanya kazi, na nadhani ni kwa sababu haikuulizi kama una hamu. Mi nilikua nasubiri kwanza nijisikie kusoma. Hii ukishaizungusha imeshaanza, ile tik tik ni kama konda amepiga bodi gari linaondoka, unajikuta umeshika kalamu. Wiki ya pili tu nikagundua kosa nililokua nalibeba muda wote kwenye swali la VAT, kodi ya ongezeko la thamani, bei ni 590,000 na VAT imo ndani, mi nachukua asilimia 18 ya hiyo hiyo napata 106,200 najiona fundi, kumbe hiyo bei ni 100 ya bidhaa na 18 ya VAT juu yake, unazidisha kwa 18 unagawa kwa 118, ni 90,000. Dakika 25 za swali moja bila kugusa simu, nikaliona mwenyewe.

Sasa ubaya wake. Kwanza dakika zake ni za kukadiria, nimeipima na simu, 25 yake ni karibu 27, kwa kusoma sina shida nayo ila keki usiibahatishie. Pili, ukitaka dakika 5 lazima uizungushe mbali kwanza ipite kumi alafu uirudishe kwenye tano, la sivyo springi haijajaa kengele haipigi. Hili muuzaji hakunambia, wiki nzima nilikua napumzika dakika tano zinakua arobaini nimelala kwenye kiti. Tatu ni hiyo kengele, haina sauti ndogo. Usiku wa kwanza iliamsha mtoto, na asubuhi jirani wa chumba cha pili akanisubiri pale bombani.

"Shikamoo mzee."
"Marahaba. Baba Nasra, jana usiku kwako kulikua na simu ya mezani?"
"Hapana mzee, ni nyanya."

Akaniangalia sana. Tangu siku hiyo naiviringisha kwenye kanga nakaa nayo mapajani, inatosha mimi kusikia.

Kama utaichukua, izungushe pale pale dukani uisubirie mpaka ilie, kuna zingine zinakwama katikati, ya kwanza niliyopewa ilikwama kwenye 12. Na nawashauri mnunue mbili kwa mkupuo, mi nilileta ubahili nikachukua moja, saivi ninavyoandika hapa ni saa nne kasoro na nyanya yangu iko jikoni mama watoto kaitegeshea maharage.