Jelatini ya blumu 250: joto la Tanga italiweza?

Haya wadau, karibuni tena. Leo tuna hili kopo: jelatini ya unga, kilo 1, blumu 250 (blumu ni kipimo cha nguvu ya kuganda), ya kutengenezea tishu za kaboni, yaani karatasi zilizopakwa jelatini yenye wino, za kuchapia picha. Si ile tishu ya chooni, msianze utani kwenye komenti!

Vipimo mnavijua: maji mililita 1000, jelatini gramu 90, sukari 40, wino mweusi wa kuchorea mililita 15. Loweka kwenye maji baridi nusu saa, usitie unga kwenye maji ya moto, utapata madonge. Kisha sufuria ndani ya sufuria, digrii 50 basi. Ukiichemsha, nguvu ya kuganda inakufa.

Sasa tazama hapa. Vigae viwili juu ya trei za barafu, pima maji inasema viko sawa. Kushoto jelatini ya keki, pakiti haina namba ya blumu. Kulia hii yetu. Zote nimemimina unene wa milimita 1. Nainua cha kushoto… unaona? Inateleza, inarundikana ukingoni. Upande uliobaki mwembamba, weusi wa picha utaishia kijivu. Nainua cha kulia. Kimya! Nagusa, kidole kinatoka kikavu. Hapo ndipo hela yako ilipoenda.

Ila nisiwauzie mbuzi kwenye gunia: bila barafu, saa nane mchana, hata hii haigandi. Joseph Swan aliisajili tishu hii Uingereza mwaka 1864. Joto la Ngamiani, hapa Tanga, halikumhusu. Mimineni alfajiri. Na ile glisirini ya kanuni za Ulaya ni ya kuzuia karatasi isipasuke kwenye hewa kavu. Hapa hewa ya bahari inatosha, ukiitia nyingi tishu inanata hadi kesho kutwa. Kausheni kwa feni, juani inayeyuka.

Mapovu je? Acha mchanganyiko kwenye maji ya digrii 40 saa moja au mbili, engua juu, chuja kwa soksi ya nailoni. Kiputo kimoja, doa moja jeupe.

Bei imechangamka, sikatai. Lakini karatasi ya sentimita 30 kwa 40 inakula mililita 120, kwa hiyo kopo linatoa kama karatasi 90. Gawanya mwenyewe.

Jumamosi tunapaka dikromati, kemikali inayoifanya tishu ihisi mwanga. Ile ni sumu na inaleta saratani, kwa hiyo nunueni glavu kabisa, za mpira, si zile nyepesi za kulia pweza.