Darubini ya 8x42 kwa safari ya ndege Tabora na Kigoma: inafaa wapi, inachemka wapi

Anayepanga safari ya kuangalia ndege magharibi mwa Tanzania huanza na gari, mafuta na mahali pa kulala. Darubini humjia kichwani mwishoni, akainunua kwa kuangalia namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Pesa nyingi hupotelea hapo. Kwa miombo ya Tabora na mabwawa ya Malagarasi, ya kubeba ni 8x42. 10x42 inavumilika kwa mwenye mikono mitulivu. 20x50 iache dukani.

Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza upate upana wa mwanga unaoingia jichoni: 8x42 inatoa milimita 5.25, 10x42 inatoa 4.2, na zile ndogo za mfukoni za 10x25 zinatoa 2.5 tu. Alfajiri, ndege wanapoanza kuchangamka, mboni ya jicho bado imepanuka. Kwa 10x25 utaona umbo jeusi tawini, rangi huzipati.

Miombo ina tabia yake. Utatembea kimya kirefu bila kuona kitu, halafu kundi mseto linapita juu ya miti: gogota, chozi na wengine wadogo wadogo, wote wanahama tawi hadi tawi. Dakika chache wameshapita. Kinachokuokoa hapo ni upana wa eneo unaloliona. 8x nzuri huonyesha kama mita 130 kwa umbali wa mita 1,000, wakati 10x nyingi huishia karibu na 110. Ukikosa upana huo utabaki unachungulia majani matupu huku mwenzako anataja majina.

Kipimo kizuri cha darubini ni keremkerem wa Böhm, aliyepewa jina la Mjerumani Richard Böhm aliyefanya utafiti upande wa Tabora miaka ya 1880. Ni mdogo, mwili wa kijani, utosi na koo vya kahawia-nyekundu, mstari mweusi machoni na chini yake mstari wa buluu. Hukaa kwenye kijiti chenye kivuli karibu na mto, huruka kudaka mdudu, kisha mara nyingi hurudi palepale. Darubini yenye lenzi duni itakuonyesha mstari mmoja mweusi shavuni. Nzuri inatenganisha mweusi na wa buluu. Tafuta pia inayoona vizuri kuanzia mita 2 au 2.5, maana ndege wengine hutua karibu kuliko ulivyotegemea.

Kwenye maji sifa zinapungua. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyoingizwa mwaka 2000 kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, ina hekta 3,250,000, na wengi huifuata kwa ajili ya korongo nyangumi. Ndege huyo anazidi mita moja kwa urefu na anaweza kusimama muda mrefu bila kutikisika, lakini akiwa mbali ndani ya mafunjo, kwa 8x ni donge la kijivu tu. Ukiwa nchi kavu, teleskopu ya kukuza mara 20 hadi 60 juu ya miguu mitatu inasaidia, tena mapema, kabla jua halijapanda na hewa ya juu ya maji kuanza kucheza. Kwenye mtumbwi teleskopu ni mzigo, na hata 10x inatetemeka. Kaa chini, weka viwiko juu ya magoti, mwambie mpiga kasia atulie. Ratiba nayo ipange kwa kiangazi, Juni hadi Oktoba, kwa sababu masika hufunga njia nyingi. Pori la akiba la Moyowosi, lililo ndani ya ardhioevu hiyo, liko chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori Tanzania, kwa hiyo kibali kitangulie safari.

Dukani usikubali kuuziwa maneno. Shika darubini mbali na uso, ielekeze kwenye mwanga: viduara viwili vya mwanga vinavyoonekana nyuma viwe mviringo kamili. Vikiwa vimekatwa pembeni, prizimu zake, yaani vioo vya ndani vinavyopindisha mwanga, ni za bei rahisi. Lenzi ya mbele inayong'aa nyekundu kama taa ya breki, iache. Imeandikwa 30x60? Chukua rula upime kioo. Zipo ambazo hazifiki hata 40. Kisha angalia nguzo ya umeme iliyo mbali. Ukiona nguzo mbili, mapipa, yaani ile mirija miwili ya darubini, hayako sambamba, na kichwa kitakuuma kabla ya saa nne.

Ukishanunua, irekebishe mara moja. Funika upande wa kulia, tazama bango kwa jicho la kushoto na uzungushe gurudumu la katikati hadi herufi zikae sawa. Funika wa kushoto, usiguse gurudumu, zungusha pete iliyo kwenye jicho la kulia. Anayevaa miwani ashushe vikombe vya macho. Wengi huiruka hatua hii, kisha wanalaumu darubini.

Kasoro ya karibu zote za aina hii ni mkanda: mwembamba, na darubini ina gramu 600 hadi 800, hivyo shingo inaumia. Weka mkanda wa kuvuka mabegani, ila usiwe mweusi wala wa buluu, kwa sababu rangi hizo huwavuta ndorobo, na mapori ya Tabora hayana uhaba wao.

Vumbi lipulize kwanza, kisha brashi, kitambaa kiwe cha mwisho. Ukianza na ncha ya kanga unasugua mchanga kwenye kioo. Chagua iliyojazwa naitrojeni na isiyopitisha maji. Zisizo hivyo, zikifungiwa na unyevu kwenye begi msimu wa mvua, huota ukungu ndani ya lenzi, na kuusafisha kunahitaji fundi wa kuzifungua.